Godoro la Jani Bichi

Mume wa Mwalimu alikuwa na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Ndio uliomtoa Mwalimu mwenyewe kwao, na hakuwahi kuulalamikia mpaka siku lilipoingia nyumbani godoro la Jani Bichi.

Mwanamume huyo alikuwa muuzaji katika duka la magodoro la barabara kuu, na mtaa mzima ulimwita Usingizi. Jina alijitafutia mwenyewe. Mteja akiingia tu, alimwambia, "Dada yangu, mimi siuzi godoro. Godoro utalipata hata kwa muuza mkaa. Mimi nauza usingizi." Kisha alivua viatu, akajilaza kwenye kitanda cha maonyesho, akakunja mikono kifuani na kukoroma kidogo. Mteja alicheka. Akimaliza kucheka, mkono umeshaingia kwenye mkoba.

Mwalimu alifundisha chekechea. Alikuwa mfupi, mwembamba, lakini Mungu alimjalia sauti ya kunyamazisha soko. Kwa kuzoea watoto, hata watu wazima alizungumza nao polepole, akiwatazama machoni, kama anayesubiri mtu akiri ni nani aliyeficha chaki.

Nyumbani walikuwa watatu. Wa tatu alikuwa mama mzazi wa Usingizi, aliyekaa chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Mama alifua mashuka ya hospitali tangu usichana wake hadi alipostaafu, akivuta mvuke wa dawa za kufulia siku nenda siku rudi, na kifua chake kikaharibika. Akipumua, kilipiga filimbi. "Msimjali," aliwaambia wageni akijigonga kifuani. "Huyu ni mpangaji wangu. Kodi halipi, na kuhama hataki." Mwalimu hakulelewa na mama. Mama mkwe huyu alipomwita "mwanangu" siku ya kwanza, Mwalimu alilichukua neno hilo lote kama lilivyo, wala hakulirudisha.

Mama alikuwa analalia sponji kuukuu iliyokwisha kuwa unga. Ukiikalia, ilipuliza vumbi la manjano kwenye mishono, na kila asubuhi alikohoa hadi machozi yakamtoka. Muuguzi wa zahanati aliwaambia waitupe, wamtafutie kitu safi, kisicho na vumbi wala harufu kali.

Wakati huohuo dukani kwa Usingizi kulikuwa kumeingia magodoro mapya, yenye foronya nyeupe iliyochorwa jani la kijani pembeni. Usingizi alikuwa akijifunza maneno yake mbele ya kioo, shati likiwa nje, mswaki mkononi. "Juu pamba tupu. Katikati mpira wa mti, uliogemwa kama maziwa. Chini makumbi ya nazi. Hakuna gundi, hakuna dawa, hakuna kemikali. Ukilala hapa, dada yangu, unalala kama ulivyozaliwa."

Mwalimu, akikunja nguo kitandani, aliyashika maneno yale yote kwa moyo.

"Si ndilo linalomfaa Mama hili?" aliuliza.

"Tutaona," Usingizi alisema, akatema povu.

Aliuliza tena wiki nyingine, na nyingine. Kila mara Usingizi aliruka kwenye habari nyingine: mara bomba linavuja, mara bosi amebadilisha zamu. Mwalimu akadhani mumewe anaona aibu kwamba hamudu bei ya kitu anachokiuza. Akamhurumia. Akaanza kuweka akiba kimyakimya, na zamu yake ya kupokea mchango kwenye kikundi cha walimu ilipofika, akaenda kulinunua mwenyewe. Hakwenda barabara kuu; alikwenda tawi dogo la duka hilohilo, karibu na stendi, ili mumewe ashtuke kwa furaha akilikuta.

Kule tawini msichana wa mauzo alimpa hotuba ileile, neno kwa neno, hadi kile kituo kidogo kabla ya "kama ulivyozaliwa". Mwalimu alijiona shingo inarefuka kwa fahari. Aliinama, akanusa.

"Mbona linanuka?"

"Ndiyo harufu ya mpira wa mti, mama. Kitu cha asili. Ukilianika, inaisha."

Likaletwa kwa mkokoteni, limefungwa nailoni, na Mwalimu akalifuata nyuma kama anayesindikiza bibi harusi. Sponji ya zamani waliichoma nyuma ya nyumba, mpaka majirani wakafunga madirisha.

Usingizi alirudi kazini jioni akamkuta mama yake amejinyoosha juu ya godoro jipya, miguu imeangalia mlango, uso umekunjuka.

"Njoo uone, mwanangu," Mama alisema. "Mkeo ameninunulia Jani Bichi. Lile lako la kwenye kioo."

Usingizi alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Hakucheka. Hakuvua viatu.

"Umelitoa wapi?" alimuuliza mkewe.

"Dukani kwenu. Tawi la stendi. Mbona umekunja uso?"

"Ungeniambia kwanza."

"Ningekuambia, ingekuwa zawadi gani?"

"Ni gumu mno kwa Mama. Mgongo wake hauwezi. Kesho nitalirudisha."

"Mgongo wangu haujalalamika," alisema Mama kutoka kitandani. "Wewe ndiye unayelalamika, na hujalala hapa."

Mwalimu aliumia, lakini siku hiyo alijizuia. Alisema moyoni kwamba wanaume wengine hawapendi kupitwa na wake zao katika kumtunza mzazi. Akaenda jikoni kuosha vyombo, akaviosha kwa kishindo.

Godoro hawakuliacha hivihivi. Walilianika uani kutwa, wakalipiga fimbo, wakaligeuza. Harufu haikwenda. Ilikuwa kali na tamu kwa pamoja, kama ya duka la viatu lililofungwa milango, na jua lilipolipiga ndiyo kwanza ilizidi. Mama alisema kitu kipya lazima kinuke. Lakini kikohozi cha asubuhi sasa kilianza jioni, macho yakamvimba, na yule mpangaji wa kifuani akaacha filimbi akaanza kukwaruza. Hata hivyo alilisifia. Alikuwa mtu wa zamani: ukipewa, hutafuti kasoro.

Usingizi alikula kwa haraka siku hizo, akaondoka kwa haraka, akarudi amechoka. Akisikia kikohozi chumba cha nyuma, aliongeza sauti ya redio.

Asubuhi moja Mwalimu alikuwa jikoni akichemsha maji ya mvuke kwa ajili ya Mama. Usingizi aliingia, akafunga mlango nyuma yake. Mlango ule haukuwa ukifungwa.

"Mama asilalie lile godoro tena," alisema kwa sauti ya chini.

"Kwa nini?"

"Halimfai."

"Mimi nimekuuliza kwa nini."

Usingizi alitazama sufuria. "Si la asili," alisema.

Mwalimu alizima jiko. "Si la asili kivipi? Mpira wa mti, makumbi..."

"Hakuna mpira wa mti. Ni sponji. Mabaki ya sponji, yanasagwa, yanabandikwa na gundi. Foronya tu ndiyo ya pamba."

"Nani amekuambia?"

"Sijaambiwa. Foronya tunavalisha wenyewe, pale stoo. Nimevalisha mimi."

Akilini mwake Mwalimu hakuona godoro. Alimwona mumewe mbele ya kioo, mswaki mkononi, akichagua mahali pa kuweka kituo.

"Tangu lini?"

"Tangu yalipoingia."

"Kwa hiyo siku ile ya kwanza unasema 'uliogemwa kama maziwa', ulikuwa unajua."

"Mwalimu, kazi ni kazi. Bosi analeta mzigo, mimi nauza. Si mimi niliyechora lile jani."

"Mama yako ana siku ngapi anakohoa humu ndani?"

"Ndiyo maana nakuambia! Nilitaka kulirudisha siku ileile, mkakataa."

"Ulisema mgongo!" Sauti ilimtoka sasa, ile ya uwanjani, na sufuria zikaitikia ukutani. "Ulisema ni gumu kwa mgongo! Ukakaa hapo unapandisha redio!"

"Punguza sauti. Mama atasikia." Alimshika mkono. "Sikiliza. Nitazungumza na meneja, nitalirudisha kimyakimya, watanipa la kawaida na chenji. Mtu hajui, Mama hajui, yanaisha."

Kama angesema tu "nisamehe", pengine mambo yangekwenda njia nyingine. Lakini alisema kimyakimya, na neno hilo lilimwingia Mwalimu kama mwiba ukuchani. Akauchomoa mkono wake mkononi mwa mumewe.

"Na wengine?" alimuuliza.

"Wengine gani?"

"Hao dada zako. Wale unaowakoromea. Mama zao nao hawana vifua?"

Usingizi alinyanyua mabega. "Watu wanataka kuamini, mke wangu. Mtu anakuja amechoka, anataka kusikia kuna kitu safi duniani. Mimi nampa. Analala vizuri."

Mwalimu alifungua kabati, akachukua mkasi mkubwa wa jikoni, akafungua mlango, akaenda chumba cha nyuma. Usingizi alimfuata akisema, "Mwalimu. Mwalimu. Mke wangu, usifanye hivyo."

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti, taulo shingoni, akisubiri mvuke wake. Mwalimu alivuta shuka, akaingiza mkasi palepale kwenye lile jani la kijani, akapasua foronya kutoka pembe hadi pembe kwa nguvu ambazo yeye mwenyewe hakujua anazo. Akatia mikono yote miwili ndani, akavuta.

Vipande vya kila rangi vilimwagika sakafuni: buluu, waridi, manjano yaliyoungua, kijivu cha viti vya gari. Kimoja kilikuwa bado na uzi wa kiti na doa la mafuta. Gundi iliyokauka ilivishikanisha kama kamasi. Harufu ikajaa chumba, Mama akaanza kukohoa, na Mwalimu akamwinua kwa mikono miwili akamtoa uani kwenye hewa.

Mama alikohoa mpaka akapata pumzi. Kisha akamtazama mwanawe, aliyekuwa amesimama mlangoni na kipande cha sponji kimemganda kwenye suruali.

"Ulikuwa unajua?" Mama aliuliza.

"Mama, mimi..."

"Sikukuuliza wewe nani. Wewe ni mwanangu, hilo nalijua. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ulinisikia nikikohoa."

"Nilikusikia."

Mama alivuta taulo, akajifuta uso. "La kuvunda halina ubani," alisema. Usingizi alisubiri laana, au kofi, au kilio, kimojawapo kingempunguzia. Alipoona hapewi, akachukua koti akaenda kazini.

Kwamba alikwenda kazini, hilo ndilo lililomaliza subira ya Mwalimu. Alimweka Mama kitandani kwake yeye na mumewe, akamwomba jirani amwangalie, akajaza sponji kwenye gunia, akalibeba kichwani kupita mbele ya watu. Barabara nzima vipande vilidondoka nyuma yake. Kuna waliomsalimia, hakuitika. Alikuwa akizungumza peke yake, na waliomsikia walisema alikuwa akirudia maneno ya tangazo: pamba tupu, mpira wa mti, hakuna gundi.

Duka la barabara kuu lilikuwa na vioo kutoka chini hadi juu na baridi ya kununua, ya kiyoyozi. Ndani, Usingizi alikuwa na wateja. Walikuwa mwanamke mjamzito wa miezi ya mwisho na dada yake mkubwa, na Usingizi alikuwa amejilaza mbele yao, soksi juu, macho yamefumbwa. Hakumwona mkewe akiingia.

Mwalimu alisimama nyuma ya rundo la mito akasikiliza. Alitaka kusikia kama kuna neno litakalomkwama. Halikukwama hata moja. Uliogemwa kama maziwa. Hakuna kemikali. "Na kwa mtoto anayekuja, dada yangu, hewa ya kwanza atakayovuta kitandani iwe safi." Hilo la mtoto lilikuwa jipya. Alilibuni palepale, asubuhi hiyohiyo.

Mwalimu akatoka nyuma ya mito, akaliinua gunia, akalimwaga lote juu ya kitanda, juu ya miguu ya mumewe.

Usingizi aliruka. Mjamzito alipiga kelele, dada yake akamvuta nyuma. Meneja, mwanamume mwenye mkanda uliobana na simu mbili, alitoka ofisini mbio. Alipomtambua Mwalimu, akavaa tabasamu.

"Shemeji! Karibu sana! Mbona hukusema unakuja? Twende ofisini upate maji baridi."

"Maji nimekunywa nyumbani."

"Basi tuongee taratibu. Hasira hasara, shemeji."

"Hasara nimeshaipata," alisema Mwalimu. "Hasira ndiyo nimekuletea."

Akawageukia wale wanawake, akawaonyesha kitandani. "Hayo ndiyo yaliyomo. Nimelipasua mwenyewe leo asubuhi. Nilimnunulia mama mkwe wangu mgonjwa wa kifua. Nuseni."

Dada mkubwa alichukua kipande kwa vidole viwili, akakinusa, akakunja pua. Meneja akaingia katikati, akicheka kidogo. "Mtuwie radhi, wateja wetu. Huyu ni mke wa muuzaji wetu. Ni mambo ya nyumbani tu, ugomvi wa mke na mume, mnajua wenyewe."

"Kaka," dada mkubwa alimgeukia Usingizi, "wewe ndiye uliyekuwa unatueleza. Anasema kweli?"

Usingizi alimtazama meneja. Kisha akatazama soksi zake.

"Mke wangu hajisikii vizuri siku hizi," alisema. "Amechoka. Tuna mgonjwa nyumbani."

Angempiga kofi mbele ya watu, Mwalimu asingeyumba vile. Alishika ukingo wa kitanda. Lakini alipofungua mdomo hakupiga kelele. Alizungumza kwa sauti ya darasani, ile ndogo, inayotisha kuliko kubwa.

"Rudia."

"Mwalimu, twende nyumbani..."

"Nitazame machoni, rudia. Sema mimi ni mgonjwa. Sema Mama analalia mpira wa mti. Sema, huyu dada alipe, apeleke mtoto wake mchanga alale juu yake. Nakusubiri."

Hata wabeba mizigo waliacha walichokuwa wakifanya. Usingizi alifungua mdomo ule uliowahi kumtoa nyoka pangoni, na hakikutoka kitu. Alifunga, akafungua tena.

"Sponji," alisema hatimaye.

"Nini?" aliuliza dada mkubwa.

"Ni sponji. Yote haya. Na gundi."

Mjamzito alikuwa wa kwanza kutoka, akitembea kwa shida. Dada yake alimtupia Usingizi kile kipande usoni, akamfuata. Meneja hakuwa na tabasamu tena. Aliamuru Mwalimu arudishiwe fedha zake upesi, na Usingizi avue sare ya duka palepale. Akavua. Akabaki na fulana yenye tundu kwapani, viatu mkononi.

Waligombana njia nzima.

"Umenikatia riziki!"

"Riziki ile ilikuwa inamkata mama yako kifua."

"Umenivua nguo mbele za watu!"

"Kwani ulikuwa umevaa nini?"

"Ungeniacha niyamalize mwenyewe!"

"Ulikuwa unayamaliza? Umelala mbele yangu, soksi juu, unamwambia mwanamke mwenye mimba hewa ya kwanza ya mtoto! Hilo nani alikufundisha? Bosi?"

Hapo Usingizi alikaza mwendo, kwa sababu bosi hakuwa amemfundisha.

Watu wangependa kusikia kwamba duka lilifungwa. Halikufungwa. Wiki ileile alipatikana muuzaji mwingine, kijana mrefu mwenye meno mazuri, na jani la kijani likabaki dirishani. Mwalimu alilalamika ofisi moja, akaelekezwa nyingine, na huko akaambiwa alete godoro zima, si lililopasuliwa. Alitoka akiwa ameuma meno hadi taya zikamuuma. Kila akipita mbele ya kile kioo, alitema mate kwenye mtaro, yeye aliyekuwa akiwakataza watoto kutema mate.

Mama alitafutiwa kitu kingine, na safari hii alichagua mwenyewe. Walimpeleka kwa fundi wa magodoro ya pamba, mtu mwenye haraka na hasira zake, aliyefanya kazi kwenye kibanda kilichojaa manyoya meupe ya pamba mpaka kwenye nyusi zake. Mwalimu alianza kumuuliza: pamba ya wapi, imewekwa dawa gani, imefuliwa na nini?

"Mama, mimi sijui kuongea," fundi alimkatiza. "Pamba ni ile. Tieni mkono. Haina dawa kwa sababu dawa ni bei. Ila nawaambia kabisa: ni zito, litashindiliana, na msipolianika na kulipiga, litakuwa mawe. Msije hapa kunililia."

Mama aliingiza mkono ndani ya rundo hadi kiwikoni. Kisha akaingiza uso. Walisubiri akohoe. Alibaki vile muda mrefu kiasi kwamba Mwalimu akamgusa bega.

"Niache," Mama alisema kutoka ndani ya pamba. "Nanusa. Hakuna kitu."

Likashonwa kwa kitambaa cha mistari, bila jani. Kifua cha Mama hakikupona, kwa maana kilikuwa kimeharibika siku nyingi, lakini kilirudia filimbi yake ya zamani, na uvimbe wa macho ukanywea.

Kwa mwanawe, hata hivyo, Mama hakurudi kuwa kama zamani. Alimwitikia salamu na basi. Usingizi alipata kibarua cha kupakua mizigo kwenye ghala, akarudi na mabega mekundu, akaketi mbele ya mama yake akisubiri neno. Siku moja akashindwa.

"Mama, nifanye nini? Kazi nimepoteza. Mke wangu hanisemeshi. Nifanye nini tena?"

Mama aliendelea kushona kifungo. "Yale uliyoyauza yako wapi?"

"Yako kwa watu, Mama."

"Hao watu unawajua?"

Aliwajua wengi. Alikuwa akipanda gari la mizigo kuwapelekea, akawawekea kitandani, akapokea bakshishi. Alikumbuka malango, mbwa, ngazi za kupandia.

"Basi nenda ukawaambie," Mama alisema. "Mdomo si unao?"

Alisema angekwenda. Hakwenda. Kila siku alikuwa na sababu, na Mwalimu alizijua zile sababu. Zilikuwa ndugu za bomba linalovuja. Jumamosi moja akamletea viatu kitandani, akavitupa chini. "Vaa. Nitakwenda na wewe. Si kwa kukupenda. Naenda kuhakikisha umefika."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya dereva mstaafu mwenye mgongo mbovu. Aliwasikiliza hadi mwisho kwa adabu, akafunga mlango, akaufungua tena, akamrushia Usingizi kandambili. Ya pili ilikuwa ya mzee mmoja mpweke, aliyewatazama wote wawili kama walevi. "Mimi tangu nililete nalala vizuri," alisema. "Nalala hadi asubuhi, na zamani nilikuwa silali. Ondokeni na ukweli wenu hapa." Mwalimu alitaka kumwelewesha, aliinua hata kidole, lakini mzee alikuwa ameshawasha redio.

Ya tatu, alifungua mama kijana, mtoto begani. Usingizi alianza kusema, akababaika, akaanza upya. Ulimi ulikuwa umekufa ganzi. Aliongea kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe yaliyozama. Yule mama alipoelewa, alimwangalia mtoto wake, mashavu yake yenye vipele.

"Nimempaka kila dawa," alisema. "Nimebadilisha sabuni. Nimeacha hata kula mayai, kwa sababu namnyonyesha." Kisha hakumgeukia Usingizi. Alimgeukia Mwalimu. "Na wewe, mwanamke mwenzangu? Ulikuwa unaishi naye nyumba moja. Ulikuwa wapi?"

Mwalimu alikuwa jikoni, alikuwa kitandani akikunja nguo, alikuwa akiyashika maneno yale kwa moyo na kuyafurahia. Alisema tu, "Nisamehe," na mlango ukafungwa.

Nje alisimama kando ya barabara, magari yakipita, vumbi likimpiga usoni. Hasira ilikuwa palepale, haikupungua hata chembe. Ila sasa ilikuwa imeenea pande nyingi, na nyingine ilikuwa imemgeukia yeye mwenyewe. Usingizi alisimama mbali naye kidogo, hajui kama ajongee au abaki. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni.

"Bado nyumba nyingi?" Mwalimu aliuliza bila kumtazama. Lilikuwa neno la kwanza alilomwambia tangu watoke.

"Nyingi."

"Ya karibu iko wapi?"

Usingizi alionyesha ng'ambo ya barabara, kwenye lango la bati lenye mbwa. Mwalimu akakaza kitambaa chake kichwani, akatazama kushoto, akatazama kulia, akavuka mbele yake.